Kaa na kamba wa pwani wanavyozaliana: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mbeya

Nafundisha baiolojia sekondari, Mbeya. Kabla ya ualimu nilifanya kazi pwani, kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga vya kamba. Watu wakishalijua hilo, maswali hayaishi. Huniuliza wanafunzi, hunisimamisha mama anayeuza samaki soko la Mwanjelwa, hunipigia vijana wanaotaka kuchimba bwawa Mbarali. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Mwalimu, kaa na kamba ni samaki au ni wadudu?

Samaki sio, maana hawana uti wa mgongo. Wadudu pia sio, ila wana undugu nao: wote wana miguu yenye viungo na gamba gumu la nje. Gamba hilo likumbuke, kwa sababu halikui. Mwenye nalo akitaka kukua hana budi kulivua na kuota jingine, na maisha yote ya kaa na kamba, hata kuzaa kwao, yanafuata ratiba ya kuvua gamba.

Uduvi wanaouzwa wakavu sokoni ndio watoto wa kamba?

Hapana. Uduvi ni jamii yake mwenyewe, watu wazima kabisa, wenye kutaga na kuzaa wakiwa na udogo uleule. Ukimwaga fungu la uduvi mezani umemwaga wazee, akina mama na vijana pamoja. Tatizo ni kwamba vyandarua vinavyokokotwa kwenye vijito vya mikoko hunasa pia kamba wachanga, wakakaushwa pamoja na uduvi. Kwa hiyo ndani ya kifurushi unaweza kweli kukuta watoto wa kamba, lakini hao wamechanganyika tu.

Nitamjuaje kaa jike?

Mgeuze. Chini ya tumbo ana kifuniko kilichokunjwa. Cha dume ni chembamba, kimechongoka. Cha jike aliyekomaa ni kipana na cha mviringo, kimefunika karibu tumbo lote, kwa sababu hapo ndipo atakapobebea mayai.

Wanapandanaje wakati wote wawili wamevaa chuma?

Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na wanafunzi hulileta kwa aibu bila sababu. Kwa kaa wa mikoko, yule mkubwa wa kijani anayeitwa kisayansi Scylla serrata, jike hupandwa akiwa laini, yaani akitoka tu kuvua gamba. Siku chache kabla hajavua hutoa harufu majini. Dume akiipata humfuata, akamkumbatia kwa juu na kutembea naye hivyo siku kadhaa, huku akifukuza madume wengine. Jike akishavua gamba, dume humgeuza chali taratibu, wakapandana kwa saa nyingi. Baada ya hapo dume haondoki mara moja. Hubaki akimlinda mpaka gamba jipya lianze kukaza, maana kaa laini huliwa na kila apitaye.

Mbegu za dume jike huziweka akiba ndani ya mwili wake. Zinaweza kukaa miezi, na akiba moja humtosha kutaga zaidi ya mara moja bila kuonana na dume tena.

Kamba wakubwa wa pwani yetu nao hufanana na hapo: jike huvua gamba usiku, dume humbandikia kifuko cha mbegu chini ya kifua, kati ya miguu, naye hukitunza mpaka usiku wa kutaga.

Nilinunua kaa ana kitu kama sifongo jeusi chini ya tumbo. Ameoza?

Hajaoza. Hayo ni mayai, na wewe umeyakuta karibu na kuanguliwa. Yakiwa mapya huwa ya rangi ya chungwa kwa sababu ya kiini kingi ndani yake. Kadiri mtoto anavyokula kile kiini na macho yake kupata weusi, sifongo lote hugeuka kahawia, kisha linakuwa karibu jeusi. Kwa maji yenye joto la nyuzi 28 hivi, safari hiyo ya rangi huchukua kama wiki mbili.

Sifongo moja la kaa wa mikoko lina mayai zaidi ya milioni 1, na kwa jike mkubwa ni milioni kadhaa. Ndiyo maana mimi kaa wa namna hiyo simnunui, na ninamwomba mama wa Mwanjelwa amwambie anayemletea mzigo asimpokee. Ni ombi langu tu. Lakini ukishayaona mayai yale kwa darubini, kila moja likiwa na jozi ya macho yanayokuangalia, hutanishangaa.

Mtoto wa kaa anazaliwa akiwa kaa mdogo?

Wa baharini, hapana. Anazaliwa akiwa kitu usichoweza kukikisia mzazi wake. Hana mapana, hana magando. Ana urefu wa milimita 1 hivi, mkia mwembamba, macho makubwa kupita mwili, na miiba mirefu, mmoja mgongoni ukielekea juu na mwingine mbele ya uso ukielekea chini. Hatua hii inaitwa zoea. Miiba inamsaidia asimezwe kirahisi na samaki wadogo.

Mara ya kwanza kuwaona, mwenzangu aliyenipokea kazini alichota maji ya tangi kwenye glasi, akazima taa za chumba, akawasha tochi ubavuni mwa glasi. Vumbi lililokuwa limetapakaa majini lilijikusanya lote upande wa tochi, likawa wingu linalocheza. Zoea hupenda mwanga. Nilikaa na ile glasi mpaka mkono ukafa ganzi.

Zoea wa kaa wa mikoko huvua gamba mara kadhaa, akipita hatua 5 za uzoea kwa muda wa wiki mbili na nusu hivi. Kisha siku moja anavua gamba na kutoka mwingine kabisa: ana magando, bado ana mkia, anaogelea na pia anatambaa. Huyo ni megalopa. Baada ya wiki moja hivi, megalopa naye huvua gamba, mkia unakunjwa chini ya tumbo, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza unamwona kaa, mwenye upana wa milimita 4 hivi.

Zamani wataalamu wa Ulaya walidhani zoea na megalopa ni wanyama wengine kabisa, wakawapa majina yao wenyewe kama jamii zinazojitegemea. Daktari wa jeshi aitwaye John Vaughan Thompson, ambaye kabla yake alihudumu Mauritius, alifuga zoea akiwa Ireland na kuonyesha mwaka 1828 kuwa ni watoto wa kaa. Wengi hawakumwamini kwa miaka. Majina yamebaki, sasa yakiwa ni majina ya hatua za ukuaji.

Na mtoto wa kamba?

Kamba wakubwa tunaowajua sokoni, kama Penaeus monodon mwenye mistari na Penaeus indicus mweupe, hawabebi mayai kabisa. Jike hutoka mikokoni, akaenda baharini kwenye kina, na usiku humwaga mayai majini huku akiogelea. Mayai hupata mbegu kutoka kile kifuko alichokibeba, kisha yanaachwa. Jike mkubwa wa monodon humwaga 500,000 au zaidi kwa usiku mmoja. Kesho yake mchana tayari wameanguliwa.

Anayetoka ni nauplio: tone dogo lenye jicho moja na jozi 3 za viungo, la theluthi moja ya milimita. Hali kitu. Anaishi kwa kiini alichotoka nacho, na kwa siku 2 hivi anavua gamba mara kadhaa akiwa bado na njaa iliyolala.

Hatua inayofuata, protozoea, ndiyo inayoua vifaranga wengi vituoni. Ghafla kinywa kimefunguka na chakula alichobeba kimekwisha. Lazima akute vimwani vya kijani visivyoonekana kwa macho vikiwa vimemzunguka pande zote, maana yeye hajui kutafuta, anachuja tu kilicho mbele yake. Akishiba utaona uzi mrefu wa kinyesi ukimfuata nyuma kama mkia wa tiara. Kila asubuhi kazi yetu ya kwanza ilikuwa kutazama nyuzi hizo. Asubuhi moja hatukuziona. Tangi letu la mwani lilikuwa limekufa siku iliyotangulia, nasi tulitegemea lingefufuka. Halikufufuka. Kufikia kesho yake jioni tangi zima la vifaranga lilikuwa limelala chini kama unga. Ninaikumbuka siku hiyo kila ninapofundisha somo la mtandao wa chakula.

Wanaovuka hapo huwa misisi, ambao wana umbo la kikamba lakini huogelea kichwa chini, wakirudi kinyumenyume kwa kujikunja ghafla. Sasa wanakula vijidudu vinavyoelea. Misisi wana hatua 3, na zikiisha ndipo anapatikana kamba mchanga anayeogelea kwenda mbele. Tangu kuanguliwa mpaka hapo ni siku 10 hadi 12, kama maji ni ya joto.

Mbona mayai ni mengi hivyo?

Kwa sababu karibu wote wanaliwa. Kwa kamba hakuna mzazi wa kulinda, na bahari ina vinywa vingi.

Mtoto akiwa katikati ya bahari anarudije mikokoni? Ni mdogo, hana nguvu.

Hashindani na maji, anayapanda kama mtu apandavyo gari. Maji yakianza kujaa, kamba mchanga huinuka kutoka chini na kubebwa kuelekea ndani. Yakianza kupwa, huzama na kujishikiza chini, ambako mkondo ni mdogo. Maji yakijaa tena anapanda tena. Kwa siku kadhaa za kupanda na kushuka hivyo anafika kwenye vijito vya mikoko, mahali penye matope, vivuli, chakula na maji yenye chumvi kidogo.

Kaa wengi wadogo wa mikokoni hutumia hesabu hiyohiyo kinyume chake. Jike husubiri usiku wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu, yakiwa yamejaa kabisa, anashuka ukingoni na kutikisa kifuniko chake kwa nguvu. Mayai yanapasuka, zoea wanamwagika, na maji yanapokupwa huwachukua mpaka nje, mbali na samaki wa kijitoni. Kaa mkubwa wa mikoko yeye hatoi zoea kijitoni. Jike huhama akiwa na mayai yake hadi bahari yenye chumvi kamili, kwa kuwa zoea wake hawavumilii maji yaliyozimuliwa sana na mto.

Ni kweli vituoni wanamkata kamba jike jicho?

Kweli. Kwenye shina la jicho kuna tezi inayozuia mayai kukomaa. Likibanwa au kukatwa shina la jicho moja, kizuizi hupungua na jike hutaga ndani ya siku chache. Nimelifanya kwa mikono yangu na sikuwahi kulizoea. Siku hizi vipo vituo vinavyotafuta kumlisha jike vizuri na kumpa utulivu wa kutosha ili atage bila kukatwa, na mimi naona huko ndiko kwa kuelekea.

Naweza kufuga kamba au kaa wa pwani hapa Mbeya, Iringa au Njombe?

Ndugu yangu, usipeleke pesa yako huko. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na viluwiluwi hawa wanataka joto la nyuzi 27 hadi 30 mchana na usiku. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Utanunua chumvi, utalipia umeme wa kupasha maji, na bado tangi likizimika usiku mmoja umemaliza.

Wengine husema, "Basi nitafuga kamba wa maji baridi." Hao wa maji yasiyo na chumvi wapo, wale wenye magando marefu, na wakubwa wao huishi mitoni. Lakini hata hao mara nyingi hawajaachana na bahari. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, akashuka na mto mpaka karibu na mlango wake, kwa kuwa watoto wakianguliwa wanahitaji chumvi kiasi, gramu 12 kwa lita hivi. Wakibaki kwenye maji ya mto matupu wanakufa baada ya siku chache.

Kama una maji ya kutosha, fuga sato huko mabondeni kwenye joto, Kyela au Usangu.

Mbona mitoni kwetu Rungwe kaa wapo, na bahari iko mbali?

Hapa ndipo ninaposimama darasani bila kukaa. Kaa wa mito yetu, wa jamii ya Potamonautes, ameachana kabisa na bahari. Hana zoea wa kuogelea, hana megalopa. Mageuzi yote yale yanafanyika ndani ya yai. Jike hutaga mayai machache na makubwa, mamia badala ya mamilioni, kila moja likiwa na kiini cha kumtosha mtoto mpaka awe kaa kamili. Wakianguliwa hawaondoki. Hubaki wamejishika chini ya kifuniko cha mama, wakitembezwa naye kwa muda kabla ya kushuka mmoja mmoja.

Nikiwa mdogo tulikuwa tukigeuza mawe kwenye kijito kinachoingia Kiwira. Siku moja nikamwinua jike mzito, nikakibandua kifuniko chake kwa ncha ya kijiti. Ndani palijaa kaa wadogo kama punje za ulezi, wamesongamana, kila mmoja na magando yake. Nilimrudisha haraka, kwa woga kuliko huruma. Miaka mingi baadaye, nikiwa na glasi ya zoea mkononi kule pwani, ndipo nilipoelewa nilichokiona siku ile. Mtoto wa kijitoni angeachiwa aelee, mto ungemchukua hadi ziwani na asingerudi kamwe mlimani. Basi mama anamshika.

Mkiwala, wapikeni waive kabisa. Katika nchi za Afrika ya Magharibi na Kati kaa wa maji baridi asiyeiva ameonekana kuleta minyoo ya mapafu.

Sisi watu wa milimani kamba wa pwani wanatuhusu nini, zaidi ya kuwala?

Chukua ramani. Mito ya upande wa Usangu, kama Mbarali, Kimani na Chimala, inaungana kuwa Ruaha Mkuu, ambao unapita Mtera na Kidatu, ukaingia Rufiji. Ruhuji inatoka Njombe, Mnyera inatoka Mufindi, zote zinakwenda Kilombero, na Kilombero ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Mwisho wa mto huo ni delta yenye msitu mkubwa kuliko wote wa mikoko Afrika Mashariki, na hapo ndipo kamba wengi wa Tanzania wanapolelewa. Yule mtoto aliyepanda maji kujaa ili aingie kijitoni anakuja kutafuta mchanganyiko wa chumvi na maji ya mvua iliyonyesha Mufindi, na matope yenye rutuba yaliyotoka huku.

Upande wa pili, Kiwira, Mbaka na Songwe ya Kyela huingia Ziwa Nyasa, na ziwa hilo hutoka kwa mto Shire, ukaungana na Zambezi, ukafika bahari ya Msumbiji kwenye eneo la Sofala, ambalo nalo ni maarufu kwa kamba. Maji ya Mbeya mjini ndiyo yasiyofika, kwa kuwa Songwe ya upande ule, mto mwingine wenye jina hilohilo, huishia Ziwa Rukwa.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, kwa sababu ya maji kuchukuliwa huku juu. Kuanzia Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere nalo limeanza kushika maji na mchanga wa Rufiji. Umeme tunauhitaji, na mpunga wa Mbarali tunaula. Lakini mvuvi wa delta hana mtu wa kumsemea kwenye vikao vyetu vya skimu za umwagiliaji, na kamba mchanga ndiyo kabisa. Ninalisema hili kwa wazazi wa wanafunzi wangu walio na mashamba: mfereji ambao haumwagilii kitu usiku ufungwe, maji yarudi mtoni.

Kaa niliyenunua alikuwa mkubwa lakini ndani hamna nyama. Nimeibiwa?

Ulinunua kaa aliyevua gamba karibuni. Gamba jipya hutanuliwa kwa maji, nyama huja baadaye. Kabla ya kulipa mnyanyue, awe mzito kuliko unavyotarajia, kisha ulibonyeze gamba la chini kwa kidole gumba. Likibonyea, mwachie muuzaji.

Sina darubini wala bahari. Nitawaonyeshaje wanafunzi wangu?

Nenda nao kijitoni wakiwa wachache, watano au sita, asubuhi kabla maji hayajachafuka. Geuzeni jiwe kuelekea kwenu, mdudu aliyeko chini apate njia ya kukimbilia mtoni. Mkipata kaa, mshike kwa nyuma ya gamba, vidole vikiwa mbali na magando. Tazameni kifuniko: chembamba au kipana? Kama ni kipana, kiinue kidogo tu, mhesabu kwa macho, mayai au watoto, bila kugusa. Mtoto mmoja aandike, mwingine achore. Isizidi dakika moja nje ya maji. Kisha mrudisheni palepale mlipomtoa, na jiwe lilazwe kama lilivyokuwa.